Nasaha kwa Mwenye Kalamu

Katika kubainisha ya kuwa kuandika wazi ni haki ya mwenye kuandikiwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kusemea na kalamu ya kuandikia, akawaweka Malaika wa kuyadhibiti yatokayo katika viwili hivyo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyefikisha ujumbe pasina kuupinda wala kuuficha, na jamaa zake na Sahaba zake, na kulla mwenye kuwafuata kwa wema hatta siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, mmekwisha kusikia mara nyingi juu ya mimbari na katika barza za misikiti nasaha juu ya ulimi: uwongo, kusengenya, fitina na kuapa ovyo. Walakini ni mara chache kuhadharishwa juu ya kalamu, hali ya kuwa kalamu ni ulimi wa pili, na tena ni ulimi usiokufa. Neno la mdomo likikosa kufahamika, msikizi huuliza papo hapo, akajibiwa, jambo likaisha. Neno la karatasi husomwa mwenyewe hayupo. Pengine yu safarini, pengine yu kaburini, na karatasi ikiulizwa haijibu. Kwa hivyo mwenye kuandika hana budi ajibu maswali kabla hayajaulizwa.

Na kalamu tunayoikusudia si ya wino peke yake. Ujumbe unaoandikwa kwa kidole juu ya simu ni maandiko pia, na haki za watu zilizomo ndani yake ni zile zile zilizomo katika karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya kadhi.

Neno tunalotaka kulibainisha katika waraka huu ni moja: ya kuwa kulla jambo lenye haki ya mtu ndani yake, kuliandika wazi ni sehemu ya haki hiyo. Mwenye kuandika maneno ya kutatiza juu ya deni, au wasia, au mauzo, au ndoa, hakukosa ufasaha tu, amekosa uadilifu.

AYA ILIYO NDEFU KULIKO ZOTE

Tazama, ewe ndugu yangu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani nzima si ya Sala, wala si ya Hija, wala si ya kusifu Pepo na Moto. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na maudhui yake ni kuandika deni. Mola aliyeumba mbingu na ardhi ametufunza, jambo baada ya jambo, namna ya kuandika karatasi baina ya mtu na mwenziwe. Je, baada ya hayo atasema mtu ya kuwa maandiko ni mambo ya makarani, hayana dini ndani yake?

Jumla ya maana yake ni hii. Waumini wakikopeshana mpaka muda uliotajwa, waandike. Mwandishi aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika, kwani ujuzi wake ni neema aliyofunzwa na Mola wake. Mwenye kutamkisha maneno awe ni mdaiwa, si mdai, kwa sababu haki iko juu yake, na neno la mtu juu ya nafsi yake ndiyo hoja iliyo thabiti. Naye amche Mwenyezi Mungu wala asipunguze kitu. Ikiwa mdaiwa hana busara ya mali, au ni dhaifu, au hawezi kutamkisha mwenyewe, basi msimamizi wake amtamkishie kwa uadilifu. Washuhudishwe mashahidi. Wala watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au liwe kubwa. Kisha zikatajwa faida tatu za kufanya hivyo: kuwa ndiyo uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, na ndiyo yenye kuuthubutisha ushahidi, na ndiyo iliyo karibu zaidi na kuondosha shaka.

Jamhuri ya wanavyuoni wamesema ya kuwa amri ya kuandika hapa ni ya kupendekeza, si ya kulazimisha, kwa kuwa aya inayofuata imewaruhusu watu kuaminiana. Hayo ni kweli. Walakini izingatie faida ya tatu: kuondosha shaka. Mwenye kuaminiana na nduguye asiandike, hana lawama. Ama mwenye kuandika, kisha andiko lake likawa ndilo lenye kuleta shaka, huyo ameibeba dawa akaigeuza ugonjwa. Lau asingeandika, watu wangalirejea kwa mashahidi. Sasa kulla mmoja anaishika karatasi ile ile na kuisoma upande wake.

NI SHAABAN IPI?

Wanahistoria wa Kiislamu wamepokea ya kuwa katika ukhalifa wa Sayyidna Omar bin al-Khattab (r.a.) aliletewa hati iliyoandikwa kuwa malipo yake ni mwezi wa Shaaban. Sayyidna Omar akauliza ni Shaaban ipi: ni hii waliyo nayo, au iliyopita, au ijayo? Na imepokewa vile vile ya kuwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), alipokuwa liwali wake, alimpelekea khabari kuwa barua za Khalifa zinamfikia hazina tarehe. Sayyidna Omar akawakusanya Sahaba akawashauri, wakaafikiana kuhisabu miaka tangu Hijra ya Mtume wetu (s.a.w.). Hayo yalikuwa katika mwaka wa 17 wa Hijra kwa kauli iliyo mashuhuri, nao ni kadiri ya mwaka wa 638 wa Miladi.

Basi angalieni, ndugu zangu. Hisabu ya miaka ya umma mzima, tunayoitumia leo kwa kufunga na kuhiji na kutoa Zaka, katika sababu zake ni neno moja lililokosekana katika karatasi ya malipo. Sayyidna Omar hakusema ya kuwa wenyewe watafahamiana. Aliuona upungufu mdogo wa maandiko kuwa ni mlango mkubwa wa dhulma, akaufunga kwa Waislamu wote mpaka Kiyama.

Na sisi watu wa pwani tuna haja zaidi ya kuulizana swali lile, kwani hisabu zetu ni nyingi. Mtu akiandika, «Nitalipa mwezi wa tatu,» ni mwezi upi? Ukifuata miezi ya Kizungu ni Machi. Ukifuata miezi ya Hijra ni Rabiul Awwal, ambao wazee wetu huuita Mfunguo Sita. Na ukifuata hisabu ya wazee hao hao, Mfunguo Tatu ni Dhulhijja. Neno ni moja, na miezi ni mitatu iliyo mbali mbali. Mdai ataushika ulio karibu, na mdaiwa ataushika ulio mbali, na kulla mmoja atamwita mwenziwe mwongo.

Kadhalika mtu akiandika, «Nikaha ni usiku wa Ijumaa.» Wazee wetu, ambao kwao siku huanza kwa Magharibi, watafika usiku wa kuamkia Ijumaa, na vijana waliosoma skuli watafika siku ya pili yake, wakute majamvi yamekwisha kukunjwa. Na mwenye kuandika «saa 2» kwa hisabu ya Kiswahili humfikia mtu ambaye simu yake inamwonyesha saa 8. Na mwenye duka wa Mombasa akimwandikia mwenziwe wa Tanga kuwa anamdai shilingi 50,000, ni shilingi za Kenya au za Tanzania? Jina ni moja na thamani ni mbali mbali kabisa. Neno moja la kuongeza lingaliyaondosha yote haya, na uvivu wa neno hilo moja ndio uliokatazwa tulipoambiwa tusichoke kuandika.

ARDHI, MINAZI NA NYUMBA

Katika mauzo ya mashamba na majumba jambo hili ni zito zaidi. Mila ya pwani yetu tangu zamani imetenga baina ya ardhi na kilichosimama juu yake. Mtu aweza kuwa na minazi na miembe juu ya ardhi ya mwengine, na katika mji wa Mombasa hatta leo wako watu wenye kumiliki nyumba wasiomiliki ardhi iliyo chini yake. Basi mwenye kuandika, «Nimemwuzia fulani shamba langu,» akanyamaza, ameuza nini? Ardhi peke yake, au miti peke yake, au vyote viwili? Na mpaka wake uko wapi, ikiwa maandiko yasema unaishia penye mwembe, na mwembe umekwisha kukatwa?

Na zamani hapa petu ilikuwako bei ya khiari: mwenye haja ya fedha huandika ya kuwa ameuza shamba lake, naye ana khiari ya kulirudisha akizirejesha fedha katika muda waliopatana. Ikiwa muda na sharti vimetajwa katika hati, kulla mmoja alijua haki yake. Ama vikiachwa katika vifua vya watu, wenye vifua wakafa, mjukuu wa mmoja huona mauzo yaliyokatika, na mjukuu wa wa pili huona rahani inayongoja kukombolewa. Wote wawili huapa, na wote wawili huenda wakawa wakweli katika itikadi zao. Dhambi ya ugomvi wao iko kwa nani?

DENI NA DINI

Wazee wetu walipokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, neno «deni» na neno «dini» yaliandikwa sawasawa: dali, ya na nuni. Msomaji hakuwa na njia ya kuyatenga illa kwa maana ya maneno yaliyozunguka. Na katika hayo mna mazingatio, kwani deni la mtu haliachani na dini yake.

Imepokewa katika Sahih ya Bukhari, kwa Salama bin al-Akwa' (r.a.), ya kuwa ililetwa jeneza ili Mtume (s.a.w.) aisalie. Akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa ana dinari 3. Akauliza kama ameacha kitu, akaambiwa la. Akawaamrisha Sahaba wamsalie mwenzao, yeye asimsalie, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake. Na imethubutu katika Sahih ya Muslim ya kuwa shahidi aliyekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu husamehewa kulla kitu illa deni.

Sasa fikiri, ewe ndugu yangu, juu ya jeneza lako mwenyewe. Mwanao amesimama mbele ya watu akitangaza, kama ilivyo ada yetu, ya kuwa mwenye kumdai marehemu na aje kwa jamaa zake. Wakirudi nyumbani hulifungua daftari lako au simu yako, wakakuta umeandika, «Ali 20.» Ni Ali yupi katika maAli wa mtaa mzima? Ni 20 ya nini: mamia, maelfu, au magunia? Na lililo zito kuliko yote: wewe unamdai yeye, au yeye anakudai wewe? Ulipoliandika ulijua, na ujuzi huo umezikwa pamoja nawe. Mwanao anataka kukuokoa, hajui pa kuanzia. Maneno matano uliyoyaona ni taabu kuyaandika yamekuwa taabu yako ndani ya kaburi.

Kwa sababu hii Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi ya Ibn Omar (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alikataza Muislamu mwenye kitu cha kuusia asipitishe masiku mawili illa wasia wake uwe umeandikwa naye anao. Wala haukutakiwa wasia wowote ule tu. Mtu akiandika, «Nyumba ya nyuma nimempa mwanangu mkubwa,» neno «nimempa» lina milango mitatu. Ikiwa ni hiba, yataka mwana awe amekwisha kuipokea na kuishika baba yu hai. Ikiwa ni wasia, mwana ni mrithi, na mrithi hausiwi illa warithi wenziwe waridhie. Na asiyekuwa mrithi hausiwi zaidi ya thuluthi. Na ikiwa ni kukiri ya kuwa nyumba ilikuwa ni ya mwana tangu hapo, hiyo ni hukumu nyengine kabisa. Baba alikusudia upi? Yeye hayupo wa kusema, na watoto wa tumbo moja watasimama mbele ya kadhi wakipigania neno alilolitupa kwa haraka. Wangapi tumewaona hawapeani mkono siku ya Idi, na asili yake ni mstari mmoja wa karatasi!

MKE ALIYETUNDIKWA

Na liko jambo ambalo haya hutuzuia kulisema, na dini hutulazimisha. Mume akikasirika huishika simu akamwandikia mkewe, «Rudi kwenu, mimi basi,» kisha akaizima. Mke husoma, hajui ameachwa au ametishwa. Akienda kuhisabu eda, ahisabu tangu lini, na kwa lipi? Akikaa kungoja, amngoje nani? Si mke wala si mtalaka.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameyagawa maneno ya talaka mafungu mawili: yaliyo wazi, na ya kinaya ambayo hayawi talaka illa kwa nia. Na talaka iliyoandikwa na mtu awezaye kusema wameihisabu katika kinaya. Kwa hivyo maana ya ujumbe ule imo moyoni mwa mume, na mwanamke hana ufunguo wa moyo huo. Na mume aliyemwacha mkewe katika giza hilo makusudi, ili asimrejee wala asimfungulie njia, amemweka katika hali aliyoikataza Mwenyezi Mungu katika aya ya 129 ya Suratun Nisaa, hali ya mwanamke kuachwa kama aliyetundikwa.

Linganisheni na Kaab bin Malik (r.a.), aliyebaki nyuma katika vita vya Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, Waislamu wakaamrishwa wasiseme naye. Zilipotimia siku 40 alijiwa na mjumbe wa Mtume (s.a.w.) akiamrishwa ajitenge na mkewe. Kaab hakuridhika na neno lenye njia mbili katika jambo la ndoa. Aliuliza papo hapo amwache au afanyeje, akajibiwa kuwa asimwache, bali asimkaribie. Hapo ndipo alipomwambia mkewe aende kwa jamaa zake mpaka Mwenyezi Mungu atakapohukumu, na haikuwa talaka. Alikuwa katika dhiki kubwa ya umri wake, ardhi imemwia finyu, na juu ya hayo hakumwacha mkewe katika shaka.

Wala hatusemi haya ili kumfunza mtu kuandika talaka. Twasema ya kuwa mwenye hasira aiweke simu chini, na mwenye azma ya kweli aende kwa wazee na kwa kadhi, aseme neno lenye kufahamika, na mwanamke aijue hisabu yake.

BARUA ZA MITUME

Huenda mtu akasema: kuandika wazi ni kuandika kijinga, na watu wakubwa huandika kwa mapambo. Natuwatazame walio wakubwa kweli kweli.

Nabii Suleiman (a.s.) alikuwa na ufalme ambao hakupewa mtu baada yake. Barua yake kwa Malkia wa Saba, kama ilivyosimuliwa katika Suratun Naml, ilikuwa na mambo matatu tu: imetoka kwa nani, imeanzwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na anataka nini. Malkia aliiona ni barua tukufu, akawakusanya wakuu wake papo hapo kuwashauri. Hakuhitaji mfasiri wala hakumtuma mtu kwenda kuuliza imekusudiwa nini.

Na Mtume wetu (s.a.w.), baada ya suluhu ya Hudaibiya ya mwaka wa 6 wa Hijra (628), aliwaandikia wafalme. Barua yake kwa Hirakl, mfalme wa Rumi, iliyochukuliwa na Dihya al-Kalbi (r.a.), imehifadhiwa katika Sahih ya Bukhari, na mtu aweza kuisoma yote kabla kahawa yake haijapoa. Ndani yake limo jina la mwenye kupeleka, jina la mwenye kupelekewa, salamu, wito, ahadi, onyo na aya moja. Tena alipoambiwa ya kuwa wafalme hawasomi barua isiyopigwa muhuri, alifanya pete ya fedha iliyochorwa jina lake, ili asiwepo mwenye kushuku imetoka kwa nani.

Hivyo ndivyo yalivyokuwa na mazungumzo yake. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza ya kuwa maneno ya Mtume (s.a.w.) yalikuwa yamepambanuka, kulla mwenye kuyasikia huyafahamu, na mwenye kutaka kuyahisabu angaliweza. Anas (r.a.) ameeleza ya kuwa alikuwa akilirejea neno mara tatu ili lifahamike. Na Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu wayafahamu maneno yake, hakuomba ayapambe. Kinyume cha hayo, Mtume (s.a.w.) ametaja mara tatu kuangamia kwa wenye kupindukia mipaka, na wanavyuoni wamewatia ndani yake wale wenye kujitia undani katika kusema.

Basi zitazameni barua zetu. Mtu humwandikia mwenziwe majina ya sifa mistari minane, al-muhibbu, al-muhtaramu, al-mukarramu, kisha khabari ya mvua, kisha salamu za jamaa mmoja mmoja, na haja yenyewe imo katika mstari wa mwisho, nusu yake imeingia pambizoni. Salamu ni suna na adabu ni dini, hatukatazi. Walakini haja ya mwenzio isifichwe chini ya heshima zake. Na wengine hutia maneno ya Kiarabu ambayo msomaji hayajui, ili aonekane amesoma. Sayyidna Ali (r.a.) aliusia watu wasemeshwe kwa yale wanayoyajua. Na marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa bahari ya elimu na Kiarabu chake kimetimia, alipotoa Sahifa mjini Mombasa mwaka wa 1930, na Al-Islah mwaka wa 1932, aliandika kwa Kiswahili, kwani waliokuwa wakihitaji nasaha walikuwa ni watu wa Kiswahili.

MAJIBU KWA WENYE HOJA

Akisema mtu: Kiswahili ni lugha ya fumbo, na mwenye macho haambiwi tazama. Twamjibu: fumbo lina mahali pake. Katika mashairi ni pambo, na katika kumwonya mtu mbele za watu ni sitara. Lakini fumbo ni la kumfumbia mwenye kuweza kukujibu. Mrithi yatima na mgeni wa mji hawana jibu, na deni halifumbwi.

Akisema: mimi na fulani tumeaminiana, nikimwandikia hisabu kwa urefu ataona namdhania ubaya. Twamjibu: wewe unamwamini yeye, je, unawaamini warithi wake, nao wanakuamini wewe? Wahenga wamesema kukopa harusi, kulipa matanga. Andika wakati wa harusi, nyuso zingali zikicheka. Wala kuandika hakuvunji mapenzi. Siku ya Hudaibiya, Suhail bin Amr alipokataa baadhi ya maneno ya mkataba, Mtume (s.a.w.) alikubali yabadilishwe, yakaandikwa yale ambayo pande zote mbili zimeyaridhia. Hakuna mkweli kuliko yeye, na juu ya hayo hakutaka neno lenye kupingwa libaki katika karatasi.

Na wako wenye kulichukua neno tukufu la Inshaallah wakalifanya pazia. Mtu huandikiwa kudaiwa haki, naye hujibu, «Inshaallah,» basi. Maana yake ni ndiyo, au ni la, au ni kesho, au ni usiniulize? Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul Kahf tusiseme tutafanya jambo kesho pasina kulifungamanisha na matakwa yake. Basi Inshaallah huwekwa juu ya ahadi iliyo wazi: nitakuletea shilingi elfu kumi siku ya Jumatano baada ya Alasiri, Inshaallah. Ama mwenye kulitaja jina la Mola wake ili kumkimbia mdai wake, huyo ameongeza dhambi juu ya deni.

MAMBO YA KUSHIKA

Tumeyakusanya haya ili iwe sahali kuyahifadhi.

La kwanza: anza kwa nia. Jiulize, kabla hujaandika, ni nini unachotaka mwenzio akijue au akifanye. Ikiwa wewe mwenyewe hujui, usiandike bado.

La pili: haja itangulie baada ya salamu, wala isingojee mwisho.

La tatu: wataje watu kwa majina yao na ya baba zao, wala usiandike «yule» na «wale» penye haki ya mtu.

La nne: fedha ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na zitajwe ni fedha za nchi gani; na deni litajwe nani anamdai nani.

La tano: siku iandikwe kwa jina lake, na tarehe, na mwezi, na mwaka, na ijulikane ni Hijra au ni Miladi, na saa itajwe ni ya asubuhi, mchana au usiku.

La sita: katika mauzo taja ardhi, miti na nyumba, kulla kimoja peke yake, kimo au hakimo, na mipaka kwa vitu visivyoondoka upesi.

La saba: ukiisha kuandika, jitie katika nafsi ya adui yako ulisome, ukiona pa kupindia, pafunge. Kisha jitie katika nafsi ya yatima wako ulisome; ukiona pasipofahamika, paeleze.

La nane: ukimwandikia mzee au asiyejua kusoma, msomee yote kwa lugha yake kabla hajatia dole gumba, wala usiongeze neno asilolitamka. Mkono wako umekuwa ulimi wake, na hiyo ni amana utakayoulizwa.

Ndugu zangu, hakuna katika mambo haya linalotaka elimu kubwa wala mali. Linalotakiwa ni dakika chache na khofu ya Mwenyezi Mungu. Kulla mmoja wetu leo ana deni la kuandika, au wasia aliouakhirisha, au mtu anayengoja jibu lake hajui aliweke wapi. Basi mwenye kuusoma waraka huu asiukunje akauweka. Na atoke hapo alipo aandike lile moja linalomkabili, aliandike wazi, alishuhudishe, amwambie mtu wa nyumbani kwake limewekwa wapi. Kwani siku ya Kiyama kulla mmoja atapewa kitabu chake mkononi akisome mwenyewe, na kitabu hicho hakina neno la kutatiza hatta moja.

Ewe Mola wetu, zifungue ndimi zetu kwa haki, na ziongoe kalamu zetu kwa uadilifu. Tulipie madeni yetu kabla hatujafa, na utuhifadhie watoto wetu wasigombane juu ya maneno yetu. Wasamehe wazee wetu waliotutangulia, na uwafungulie wanawake na mayatima waliofungwa na shaka isiyokuwa yao. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Walhamdu lillahi Rabbil alamin.